Kanisani, kwa sheikh au bomani? Jibu kwa binti anayetaka kuolewa ufukweni Kigoma

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni Muha wa Kasulu, Mkatoliki, nimekulia Mwanga hapo Kigoma mjini, ila sasa nafanya kazi Dar. Mchumba wangu ni Mwislamu wa Tanga. Hakuna anayetaka kubadili dini na hilo tumeshakubaliana. Tunataka kufunga ndoa Kigoma mwakani mwezi wa saba, ufukweni, jua likizama. Baba yangu anataka kanisani. Mama mkwe anataka sheikh. Anayetusaidia mipango ametushauri tufunge zote mbili, asubuhi kanisani na jioni sheikh aje ufukweni, ili kila mtu afurahi. Wengine wanasema bomani inatosha. Tuchague ipi? Na je, tunaweza kufungia Gombe?

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Nianze na lile la haraka: zote mbili msifunge. Najua aliyewashauri alitafuta amani, lakini ushauri huo utawaletea ugomvi ambao leo hamna. Nitakueleza sababu yake hapa chini. Kabla ya hapo kuna jambo nataka mlishike wewe na mchumba wako, maana naratibu harusi hapa Kigoma na ninaliona likiwakwamisha wachumba wanaotoka mbali. Wanachagua ufukwe kwanza, wanalipia mapambo, wanachapisha kadi, halafu ndipo wanaanza kuuliza nani atawafungisha. Ufukwe ni mahali tu. Ndoa ni kiapo, na kiapo kina mwenyewe: kanisa, msikiti, serikali au ukoo. Mkishajua mnaapa mbele ya nani, huyo ndiye atakayewaambia kama ufukweni anakuja au haji.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua njia nne za kufunga ndoa: ya kiserikali, ambayo wengi tunaiita ya bomani, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila. Mbele ya sheria zote ni ndoa kamili. Huku mitaani watu hudanganyana kwamba cheti cha bomani kina nguvu kuliko cha kanisani, au kwamba ndoa ya sheikh haina uzito serikalini. Si kweli. Padre au sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa anaisajili ndoa yenu kihalali kama anavyofanya msajili wa wilaya, na usajili wote unasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. La kuhakikisha ni hiyo leseni tu. Kwa hiyo msichague kwa hofu ya cheti.

Tofauti ya kisheria ipo, na watu wachache sana huwaambia mabinti kabla ya harusi. Kifungu cha 10 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinasema ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyofungwa kanisani au bomani inachukuliwa kuwa ya mke mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisemi kwamba mchumba wako ana mpango wa kuongeza mke. Nasema umwulize, naye akujibu kwa kinywa chake, kabla hamjachagua mlango wa kuingilia. Mkianza na aina moja na baadaye mkabadili mawazo, kifungu cha 11 kinawaruhusu mume na mke kuibadili ndoa yao kwa tamko la maandishi mbele ya hakimu au jaji, wote wawili kwa hiari, na kama ni kwenda kwenye ya mke mmoja basi mume awe na mke mmoja tu wakati huo. Ila ndoa iliyofungwa kanisani haibadilishwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Kwenu ninyi mmoja si Mkristo, kwa hiyo kinga hiyo ya mwisho isikutie usingizi.

Sasa kuhusu kufunga zote mbili.

Kwa upande wa Kanisa lako jibu limeandikwa wazi. Sheria ya Kanoni ya 1983, kanuni ya 1127, inakataza kufanya ibada nyingine ya dini, kabla au baada ya ile ya Kikatoliki, kwa ajili ya kutoa tena au kurudia kukubaliana kwenu kwa ndoa. Paroko akijua kwamba jioni mna sheikh ufukweni, ana haki ya kusimamisha ya asubuhi. Na atajua, kwa sababu Kigoma ni mji ambao habari ya harusi inafika sokoni kabla ya kadi. Kwa upande wa sheikh nako, maneno ya kuozesha na kukubali ndiyo mkataba wenyewe. Mkimleta ufukweni awaozeshe watu walioapa asubuhi hiyo hiyo, mnamwomba aigize jambo ambalo kwake ni ibada. Mzee mwenye heshima zake hatakubali, na anayekubali haraka mno mtilie shaka. Halafu rudi kwenye kile kifungu cha 10: siku moja, ndoa mbili za watu walewale, moja inachukuliwa ya mke mmoja na nyingine ya wake wengi. Wakili yeyote wa mirathi atakuambia hapo ndipo ndugu hupata pa kushikia.

Basi tuitazame milango yenu mmoja mmoja. Mna bahati kwamba yote minne iko wazi. Ungekuwa wewe ndiye Mwislamu na yeye Mkristo, wa sheikh ungefungwa mpaka yeye asilimu.

Kanisani inawezekana bila yeye kubatizwa. Kinachohitajika ni kibali cha askofu kwa ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa, ambacho mapadre wetu wanakiita dispensasio. Kinaanzia parokiani kwako unakosali sasa, huko Dar, siyo Kigoma. Utaleta cheti cha ubatizo kilichotolewa upya hivi karibuni kutoka parokia uliyobatizwa, barua ya jumuiya, na mtahudhuria mafundisho ya ndoa wote wawili. Wewe utaahidi kwamba hutaiacha imani yako na kwamba utafanya yote yaliyo katika uwezo wako watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Yeye hatakiwi kuahidi hivyo. Anachotakiwa ni kufahamishwa ahadi yako, ili isije kumshtukiza siku mtoto amezaliwa. Nakuomba usiichukulie kama fomu ya kujaza. Kaeni muizungumze, hata kwa wiki kadhaa, kwa sababu huo ndio mzigo halisi wa mlango huu, na mama mkwe wako anaufahamu hata kama hajausema.

Kwa kuwa mnaishi Dar na mnataka kufungia Kigoma, paroko wako atatoa ruhusa na kuhamishia karatasi zenu parokia ya huku, na matangazo yatasomwa kama kawaida. Hilo ni jambo la kila siku, lisiwatishe. Mnachotakiwa kujua ni kwamba ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa hufungwa bila Misa: kuna masomo, mahubiri mafupi, viapo, pete, sala na baraka. Baba yako anaweza kulalamika kwamba imekuwa fupi. Mimi naona kwa harusi ya dini mbili hiyo ni neema. Haufiki wakati wa komunyo ambapo nusu ya kanisa inasimama na nusu ya pili, wageni wenu kutoka Tanga, inabaki imekaa ikitazama. Watu wote wanaingia pamoja, wanasikiliza pamoja, wanatoka pamoja.

Na ufukweni je? Kanuni ya 1118 inaruhusu ndoa ya aina yenu ifungwe kanisani au mahali pengine panapofaa. Kwa hiyo padre akikuambia moja kwa moja kwamba haiwezekani kabisa, mwombe kwa upole aiangalie tena. Lakini kuruhusiwa na kukubaliwa ni vitu viwili. Nani anasema panafaa? Ni viongozi wa Kanisa. Ufukwe wenye watu wanaoogelea pembeni na muziki wa baa jirani utakataliwa, na mimi ningekataa pia.

Kwa sheikh, dini yake inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke wa Kikristo akiwa amebaki na dini yake. Linasemwa kirahisi, ila si kila sheikh yuko tayari kufungisha, na wengi watakuomba kwanza usilimu. Mchumba wako amwone mapema sheikh atakayefungisha, amwulize kinagaubaga, na amwulize pia ni nani atakayekuozesha kwa kuwa baba yako si Mwislamu. Mahari itajwe mbele ya mashahidi wawili, maneno yatamkwe, na yenyewe hayachukui muda. Kwa upande wa mahali ndio mlango mwepesi kuliko yote: nikahi inafungwa msikitini, sebuleni, uani, hata mchangani chini ya mwembe. Ujiji kuna watu wanaoijua kazi hii kwa zafa na dufu vizuri kuliko popote ukanda huu wa ziwa.

Lakini kwako wewe kuna mambo mawili mazito. La kwanza, ukifunga kwa sheikh bila kibali cha askofu, Kanisa halitaitambua ndoa yako, na hutapokea komunyo mpaka irekebishwe. Askofu anaweza kumruhusu Mkatoliki afunge kwa utaratibu mwingine wa hadharani kama kuna ugumu mkubwa wa kufuata ule wa Kanisa, ila hilo linaombwa kabla, haliombwi baada. La pili ni mirathi. Kwa fiqhi ya Kiislamu, mke asiye Mwislamu harithi kwa mumewe. Mume anaweza kumuusia, na wasia huo mwisho wake ni theluthi ya mali. Mwanangu, hili usiliache lipite eti kwa sababu mnapendana. Watu wengi wanaopendana wameacha wajane wakigombea nyumba. Mlango wowote mtakaoingilia, mwambie aandike wasia, nawe uandike wa kwako, kwa wakili, mwaka huohuo wa harusi.

Bomani ni mahali ambapo watu hupadharau bila sababu. Mnatoa taarifa ya kusudio la kuoana kwa msajili si chini ya siku 21 kabla ya siku yenyewe, taarifa inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, halafu mnafika na mashahidi wasiopungua wawili. Kwa kawaida mtaambiwa mje na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha na barua ya serikali ya mtaa. Ushauri wangu wa kudumu kwa wanaofunga bomani ni kwamba shahidi mmoja atoke upande wa mume na mmoja upande wa mke, na wasiwe marafiki wa kazini bali watu wa ukoo. Kwa familia za dini mbili bomani ina heshima yake: hakuna aliyekwenda nyumbani kwa mwenzake, wote ni wageni mbele ya meza ya serikali. Kama mnataka msajili awafuate ufukweni, mwulizeni yeye mapema kibali gani kinatakiwa. Msikubali mtu wa mapambo awajibie.

Ila kwako wewe Mkatoliki, bomani bila kibali cha askofu ni sawa na kwa sheikh bila kibali. Wengi hufunga hivyo wakisema watakuja kubariki ndoa baadaye. Baadaye huja mtoto, huja uhamisho, huja ujenzi, na mama yako anazeeka akikuona unabaki kwenye benchi wenzako wakienda kupokea. Ukiweza kuomba sasa, omba sasa.

Ya kimila sitaikalia sana kama mlango wenu wa ndoa, kwa sababu nanyi hamkuitaja, na inachukuliwa kuwa ya wake wengi kama nilivyosema. Ikifungwa bila msajili kuwepo, wanandoa wenyewe wana wajibu wa kuomba isajiliwe ndani ya siku 30, na wengi husahau. Lakini mila yenyewe mtaifanya tu, nayo ndiyo itakayowashikia familia mbili. Wajomba na baba zako wadogo kule Kasulu watataka kumwona mshenga kutoka Tanga akivuka nchi nzima kuja kukuposa, nao wana haki hiyo. Buha ya zamani mahari ilihesabiwa kwa majembe na ng'ombe. Leo ni pesa, lakini bado kuna vitu vya kutajwa kimojakimoja, cha baba, cha mama, cha bibi, na mgeni asiyeelekezwa anaweza kuonekana hana adabu kumbe hajui tu. Mtafutie mshenga wake mtu wa Kigoma wa kukaa naye jioni moja kabla.

Mahari isifanyike wiki ya harusi. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naona watu wakiifanya ili kuokoa nauli. Wageni wameshafika, vyumba vimelipiwa, vyakula viko jikoni, na mjomba mmoja anasema hesabu haijakamilika. Hapo kila mtu anajua upande wa mume hauna pa kukimbilia, na hata wakilipa wanalipa wakiwa na kinyongo. Ifanyeni miezi kadhaa kabla. Na kama kuna wa kuwatisha kwamba mahari isipokamilika ndoa ni batili, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatilishwi kwa kutofuatwa kwa mila za mahari. Mjue tu, msiende kuwasomea wazee.

Sasa umeniuliza uchague ipi. Kwa hayo uliyoniandikia, mimi nakushauri kanisani, kwa kibali cha askofu, asubuhi, halafu sherehe ufukweni bila kiapo cha pili. Sababu yangu si baba yako. Ni kwamba katika ninyi wawili, wewe ndiye ambaye dini yako inakufungia mlango ukikosea utaratibu. Yeye akifunga kanisani kwa kibali, hakuna sakramenti yake inayosimama, anaendelea na swala zake na funga yake. Wewe ukifunga kwingine bila kibali, unapoteza meza ya komunyo, nawe umeniambia hutaki kuiacha dini yako. Anayeumia zaidi ndiye aangaliwe kwanza. Pia sheria itaichukua ndoa yenu kuwa ya mke mmoja tangu siku ya kwanza, na nadhani ndivyo mnavyotaka wote.

Hata hivyo kuna hali moja ambayo ningebadili ushauri. Kama baba mkwe wako amesema wazi kwamba hataingia kanisani, na mchumba wako anaona kufunga ndoa bila baba yake ni jeraha asiloweza kulibeba, basi nendeni kwa paroko mkamweleze hivyohivyo. Ombeni ruhusa ya kufunga bomani kwa idhini ya askofu. Ugumu wa namna hiyo ndio ambao kanuni imeuwekea nafasi, ingawa kuukubali au kuukataa ni juu ya askofu. Msimfiche padre lolote.

Mama mkwe amebaki, naye nisingependa umwache nyuma. Yeye anaomba sheikh, lakini ukimsikiliza vizuri huenda anaomba mtoto wake asiozwe kama mtu asiye na kwao. Hilo linaweza kupatikana bila nikahi ya pili. Nyumba watakayofikia wageni wa Tanga ifanyieni kisomo jioni ya kuamkia harusi, sheikh aalikwe, dua isomwe kwa ajili ya maharusi, pilau ipikwe, na wewe uende ukae miguuni pa mama mkwe wako ukiwa umevaa kanga aliyokuletea. Dua si kiapo cha ndoa, na ukimweleza paroko tofauti hiyo mapema hutakuwa na cha kuficha. Nyama yote ya sherehe ichinjwe na Mwislamu. Kigoma hilo ni la kawaida, ni kulitamka tu kwa wapishi ili wageni walisikie kwa masikio yao. Pombe, kama wa kwenu hawawezi kuikosa, iwe na meza yake pembeni, na isipite mikononi mwa wahudumu mbele ya wazee wa Tanga.

Kuhusu jua kuzama, nina habari ambayo huenda huyo anayewasaidia mipango haijui. Kigoma iko mbali magharibi lakini tunatumia saa zilezile za Dar, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika 40 baada ya la kwenu. Mwezi wa saba linazama karibu saa 1 jioni, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ni uzuri ambao siwezi kuuelezea kwa maandishi. Lakini jua kuzama maana yake ni swala ya Magharibi kuingia. Mkipanga keki na hotuba ya baba mkwe dakika hiyohiyo, nusu ya wageni watakuwa wanainuka kwenda kutawadha. Kwa hiyo anzeni ufukweni saa 11 jioni, Alasiri iswaliwe kwanza kwa anayeswali, hotuba na picha za familia ziishe kabla ya saa 12 na nusu, halafu acheni robo tatu ya saa isiyo na ratiba yoyote. Wapiga picha wawachukue maharusi, wazee waswali. Tandikeni mikeka sehemu iliyotulia, wekeni ndoo na birika za maji, na mkumbuke kibla kwetu ni kaskazini ikiegemea kidogo mashariki, kwa hiyo mikeka ifuate mstari wa pwani, isielekee ziwani.

Mwezi wa saba ni kiangazi, mvua msiihofie. Haugongani na Kwaresima, na miaka hii Ramadhani iko mwanzoni mwa mwaka. Kinachosumbua ni upepo wa kusi, unaovuma miezi hiyo na kuamsha mawimbi ziwani. Nimesimama kwenye harusi ya mwezi huo ambapo kipaza sauti kilikuwa kinatoa ngurumo tu, shela limemfunika bibi harusi usoni, na viti vya plastiki vinazama mchangani upande mmoja mpaka bibi wa watu akashikwa na wajukuu asianguke. Chagueni pwani iliyojikunja, kama zile fukwe ndogo za Jakobsen upande wa Katonga, badala ya pwani iliyo wazi. Wazee wawekewe mbao au turubai gumu chini ya viti. Vipaza sauti viwe na sifongo za kuzuia upepo. Hii ni sababu nyingine ya kukwambia kiapo kiwe kanisani: hotuba ikipotea kwenye upepo hakuna hasara, lakini neno lako la "nakubali" nataka mama yako alisikie.

Samaki pia. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla hamjawaahidi watu wa Tanga migebuka wa kuchoma na kuhe, ulizeni kama kipindi chenu kinaangukia humo. Kikiangukia, dagaa waliokaushwa watakuwepo, mawese yatakuwepo, na kuku na mbuzi watajaza pengo.

Wageni wafike siku mbili kabla, hasa wanaokuja kwa treni. Reli ilifika hapa mwaka 1914 na bado safari yake ni ndefu. Usipange kiapo kwa kutegemea saa ya behewa. Na wale wa kamati ya Dar watakaotoa mchango lakini wasiweze kusafiri, wafanyieni chakula kidogo cha kuwashukuru mkirudi, kwa sababu kuchangia harusi ambayo huioni ni upendo mkubwa.

Gombe, hapana, siyo kwa kiapo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, inafikika kwa boti tu, wengi huondokea Kibirizi, kila mgeni atalipa kiingilio, na shughuli yoyote inahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mtu mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia sokwe, na watoto wadogo hawaendi kuwatazama. Ukiweka bibi yako wa Kasulu, mama mkwe na gauni jeupe kwenye boti mwezi wa kusi, mtafika mmelowa na wengine wanatapika. Nendeni wawili siku mbili baada ya harusi, alfajiri, upepo haujaamka.

Kwa sasa kadi zisichapishwe, na ufukwe msiulipie zaidi ya kianzio. Wiki hii piga simu ofisi ya parokia yako uombe miadi na paroko, mwende wote wawili, na umwambie sentensi moja tu kwanza: mchumba wangu ni Mwislamu, hatabadili dini, nami sibadili, tunaomba kujua tuanzie wapi. Ukishapata jibu lake niandikie, ndipo tuzungumze tarehe na wapishi.